Benchi la Wenye Fadhaa: Hoja ya Nevin na Mahubiri Yetu

Mnamo mwaka 1843 John Williamson Nevin, mwalimu wa theolojia katika seminari ya mji mdogo wa Mercersburg, Pennsylvania, alitoa kijitabu alichokiita The Anxious Bench, yaani Benchi la Wenye Fadhaa. Mwaka uliofuata alikitoa upya, akiwa ameongeza sura ya mwisho ambayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ni kitabu kifupi, kilichoandikwa kwa hasira iliyotiwa hatamu, na kwa sehemu kubwa kinawahusu Wakristo wa Marekani wenye asili ya Kijerumani, Walutheri na wale wa mapokeo ya Calvin. Hata hivyo ni vigumu kukisoma katika mazingira ya KKKT bila kuona mbele yetu sharika tunazozifahamu. Kusudi la makala hii si kukisifu bali kukipima. Shtaka la Nevin juu ya benchi ni la haki, ila hakulifikisha mahali linapouma zaidi, yaani ndani ya mahubiri yenyewe. Na dawa aliyoiandika inapaswa kupimwa kwa ukali uleule alioutumia kuupima ugonjwa.

Kwanza benchi lenyewe. Katika mikutano ya uamsho iliyoenea Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mhubiri alipomaliza kuhubiri aliwaita waliochomwa mioyo watoke katika nafasi zao, waje wakae kwenye benchi la mbele lililotengwa kwa ajili yao. Hapo waliombewa, wakaonywa na kubembelezwa, huku mkutano mzima ukiwatazama. Jina linaloambatana na desturi hii kuliko mengine ni la Charles Grandison Finney, aliyekuwa akijifunza uanasheria katika mji wa Adams, jimbo la New York, alipookoka mwaka 1821. Katika uamsho wa Rochester wa mwaka 1830 na 1831 alilitumia benchi kwa mafanikio makubwa, na katika mihadhara yake juu ya uamsho, iliyochapwa mwaka 1835, akaeleza msingi wake: uamsho si muujiza, bali ni matokeo ya kutumia ipasavyo njia zilizowekwa, kama vile mkulima apandaye kwa utaratibu atazamiavyo mavuno.

Tusimdharau Finney. Alikutana na wahubiri waliowafundisha watu kwamba hawawezi kutubu mpaka Mungu awabadilishe, kisha wakawaacha wakingoja miaka na miaka, na wengine wakistarehe katika kungoja huko. Mtu anayeambiwa kila Jumapili kwamba hawezi, mwishowe hajaribu. Finney alitaka mahubiri yadai jibu. Wala matunda yake hayakuwa ya midomo tu, kwa maana aliwanyima Meza ya Bwana wenye kumiliki watumwa, na chuo cha Oberlin alikokwenda kufundisha mwaka 1835 kilipokea wanafunzi Weusi na wanawake wakati ambapo vyuo vingi vya nchi hiyo vilikuwa vimewafungia milango. Mtu anayelikosoa benchi, naye hajawahi kuhubiri mahubiri yanayodai jambo lo lote kwa msikilizaji, afadhali anyamaze.

Nevin naye hakuutazama uamsho kutoka mbali. Alilelewa katika Kanisa la Presbiteri, na alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Union, jimbo la New York, alipitia uamsho yeye mwenyewe. Alifika Mercersburg mwaka 1840 kulitumikia Kanisa la Kijerumani la mapokeo ya Calvin. Miaka miwili baadaye usharika wa mji ule, ukiwa unatafuta mchungaji, ulimsikiliza mhubiri mmoja, William Ramsey, aliyelitumia benchi. Watu wengi wakaja mbele, na usharika ukataka kumwita awe mchungaji wao. Nevin alimwandikia kwamba akikubali wito itampasa kuziacha njia hizo. Ramsey aliukataa wito. Kitabu kilizaliwa katika ugomvi huo wa usharika mmoja, na pengine ndiyo sababu hakina harufu ya maktaba.

Jambo ambalo sisi Walutheri tunapaswa kulikumbuka ni kwamba wengi wa ndugu zetu wa Marekani walikuwa upande wa benchi. Benjamin Kurtz, mhariri wa gazeti la Lutheran Observer, alilitetea kwa nguvu na kumshambulia Nevin. Samuel Simon Schmucker, mwalimu mkuu wa seminari ya Gettysburg, aliyezipokea kwa wema zile zilizoitwa njia mpya, alifikia mwaka 1855 kupendekeza kwamba Ungamo la Augsburg lirekebishwe. Miongoni mwa mambo aliyotaka yaondolewe yalikuwa kuzaliwa upya katika ubatizo, maungamo ya faragha pamoja na tamko la ondoleo la dhambi, na fundisho la mwili na damu ya Kristo kuwapo kweli katika Meza ya Bwana. Sisemi kwamba benchi peke yake ndilo lililoleta mapendekezo hayo. Lakini orodha hiyo inastaajabisha. Kisima cha ubatizo, kiti cha maungamo, Meza ya Bwana: ndizo mahali ambapo Mkristo wa Kilutheri huenda mbele. Benchi lilipoingia kanisani halikukuta nafasi tupu. Lilikuta mahali pa kuja mbele pakiwa tayari pamewekwa na Kristo mwenyewe, na hapakuwa na nafasi ya vyote viwili kwa muda mrefu.

Benchi la ubao halikufika kwetu. Kilichofika ni mwito. Baada ya Finney, Dwight L. Moody aliwapeleka wenye kutafuta katika chumba cha pembeni ili wazungumze na washauri. Billy Graham akawaita tena mbele ya jukwaa, akawapa kadi za kuandika majina na maamuzi yao. Graham alipozunguka nchi kadhaa za Afrika mwaka 1960 alihubiri pia Moshi, katikati ya eneo la Kilutheri. Tangu hapo mikutano ya viwanjani, yenye vipaza sauti na kwaya, imeongezeka sana, na desturi yake imehama kiwanjani ikaingia ndani ya ibada ya Jumapili. Siku hizi mshiriki wa kawaida anaijua taratibu yake bila kufundishwa: kinanda kinapigwa polepole, watu wanaambiwa wafumbe macho, mkono unainuliwa, kisha walioinua mikono wanaombwa watoke, na sala ya toba inatamkwa neno kwa neno. (Lile la kufumba macho lina kichekesho chake. Finney aliwaweka watu mbele ya macho ya wote ili aibu ivunje kiburi. Sisi tunawaahidi kwamba hakuna awaonaye, na dakika mbili baadaye tunawaita mbele ya watu wote.)

Hoja za Nevin zinaweza kuelezwa kwa kifupi. Anasema kwamba kufanikiwa kwa benchi si uthibitisho wa cho chote, kwa kuwa mtu ye yote mwenye sauti na ujasiri anaweza kulitumia, hata akiwa hana kina cha imani wala elimu. Nguvu iliyoko hapo ni ya mbinu, si ya Neno. Anasema pia kwamba benchi linazua swali la uongo. Mtu aliyeanza kuchomwa moyoni kwa ajili ya dhambi yake anageuziwa swali jingine, yaani, je, nitainuka au nitabaki nimeketi? Nguvu zote za nafsi yake zinahamia kwenye miguu yake. Akienda, anaona kana kwamba jambo limekwisha, hali huenda halijaanza. Asipoenda, anadhani amemkataa Mungu, hali huenda alichokikataa ni kutazamwa na majirani tu. Hoja hii ya pili ndiyo bora kuliko zote katika kitabu kizima, wala sijaona jibu lake katika utetezi wa mwito nilioupata kuusoma.

Lakini hapo Nevin anasimama mapema mno. Anaandika kana kwamba benchi ni nyongeza iliyobandikwa mwishoni mwa mahubiri, hata mtu akiiondoa mahubiri yanabaki mazima. Sivyo ilivyo. Mwisho wa mahubiri hutawala mwanzo wake. Mhubiri anayejua tangu Jumatano kwamba Jumapili atawaita watu mbele, huisoma kila aya akitafuta mahali pa kuufungia mwito huo, na mahali hapo karibu siku zote huwa ni kitenzi cha mwanadamu: akainuka, akatubu, akafungua, akaacha vyote. Vitenzi vya Mungu katika aya ileile vinageuka kuwa utangulizi.

Tuchukue Luka 15, aya inayohubiriwa kwenye mikutano pengine kuliko nyingine yo yote. Jinsi inavyohubiriwa inajulikana: nchi ya mbali inaelezwa kwa urefu na kwa rangi zote, nguruwe nao wanapewa muda wao, kisha yanakuja maneno ya mwana ya kuondoka na kwenda kwa baba yake, na hapo hapo mhubiri anayageuza kuwa mwito. Inuka nawe, njoo. Mahubiri yanakwisha katika aya ya 20, katikati ya sentensi. Baba anayekimbia anatajwa, lakini amechelewa. Mtu amekwisha kuinuka. Sasa tuisome aya ilivyoandikwa. Kijana ameandaa hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Anapofika anazitamka mbili za kwanza. Ya tatu haitamki, kwa sababu baba amemkata kauli na kuagiza joho, pete na viatu. Yaani toba ya kijana huyu, hata ile iliyomwinua kutoka kwa nguruwe, bado ilikuwa na biashara ndani yake. Aliyeikamilisha ni baba, kwa kuikatiza. Mhubiri wa mwito anafanya kinyume. Anampa kijana maikrofoni na kumwomba aimalize hotuba yake, tena aifuatishe neno kwa neno.

Hili si suala la mtindo. Ni suala la Sheria na Injili, ambalo kila mwanafunzi wetu hulijibu vizuri katika mtihani. Maneno ya kumpokea Yesu, kumfungulia, kumkabidhi maisha yana utamu wa Injili, lakini yanaposimama peke yake mwishoni mwa mahubiri yanakuwa amri, na ni amri ngumu kuliko zile Kumi, kwa kuwa hakuna ajuaye ameitimiza kiasi gani. Ndiyo maana mikutano ina wale wanaokuja mbele kila mwaka. Tunawacheka, au tunawaita vuguvugu. Ukweli ni kwamba wao ndio waliotusikia vizuri: wameambiwa waitazame nia yao, wameitazama, na wameikuta haitoshi. Katika maelezo yake ya sehemu ya tatu ya Imani, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alianza kwa kukiri kwamba kwa akili na nguvu zake hawezi kumwamini Kristo wala kumjia. Finney aliwasikia wahubiri wakisema jambo kama hilo, akalichukia, kwa sababu wao waliishia hapo. Luther hakuishia hapo. Sentensi yake inaendelea moja kwa moja kwenye kazi ya Roho aitaye kwa Injili. Basi jibu la ugonjwa alioutambua Finney halikuwa kumwambia msikilizaji kwamba anaweza. Lilikuwa kumpa, pale pale alipoketi, ile ahadi inayomwezesha.

Kuna jambo jingine katika ibada yetu ambalo ni la ajabu, nasi tumelizoea hata hatulioni. Saa tatu asubuhi mchungaji anasimama madhabahuni, washiriki wanaungama dhambi zao pamoja, naye kwa agizo la Kristo anawatangazia ondoleo. Saa nne na nusu mchungaji yuleyule, au mgeni aliyemwalika, anawauliza watu walewale ni nani kati yao anayetaka kusamehewa dhambi leo. Basi lile la saa tatu lilikuwa nini? Kama lilikuwa neno la Kristo, swali la saa nne na nusu linalifuta. Kama halikuwa, tuliondoe katika Kitabu cha Ibada, kama Schmucker alivyotaka, ili angalau tuseme jambo moja. Watetezi wa mwito hutaja Matendo ya Mitume sura ya 2, na wana haki ya kuitaja: watu walichomwa mioyo, wakauliza watende nini, nao wakajibiwa mara moja. Lakini jibu la Petro liliwapeleka kwenye ubatizo, na watu wapata elfu tatu wakabatizwa. Kwa asiyebatizwa mwito wetu hauwezi kuwa pungufu ya huo. Kwa aliyebatizwa, kutubu ni kurudi katika ubatizo wake, si kuanza upya kana kwamba Mungu hakuwahi kusema naye.

Nafahamu kwamba wengine watasema hapa kwamba nimeushambulia uamsho wa Afrika Mashariki. La hasha. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda na kuingia Buhaya, haukujengwa juu ya jukwaa. Ulikaa katika ushirika wa wachache waliokutana wiki baada ya wiki, wakaungamiana dhambi kwa majina yake, wakarudisha vilivyoibiwa, wakasameheana, na walio wengi wakabaki ndani ya makanisa yao. Una kasoro zake, na kubwa ni ushuhuda uliogeuka kuwa kanuni ambayo kila mtu lazima apitie vilevile. Lakini ndugu katika ushirika akimwambia mwenzake kwamba amesamehewa kwa damu ya Kristo, hilo ni tamko la ondoleo. Walutheri walijuta kulipoteza, na walokole waliwarudishia. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba tangu mwaka 1964 na baadaye rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho na mtu wa Kanisa kwa pamoja, wala hakuona haja ya kuchagua. Kosa letu ni kuuita mwito wa jukwaani kwa jina la uamsho huo, kana kwamba ni mtoto wake.

Sasa tuje kwenye dawa. Katika sura aliyoiongeza mwaka 1844 Nevin anauweka mfumo wa Katekisimo kinyume cha mfumo wa benchi. Dhambi, anasema, si jumla ya matendo ya mtu mmoja mmoja bali ni hali ya jamii yote ya wanadamu. Vivyo hivyo wokovu ni uzima ulioko ndani ya Kristo, Adamu wa pili, nao humfikia mtu kwa njia ya Kanisa, lililotangulia kuwapo kabla yake na linalombeba. Kwa hiyo mafundisho ya watoto, kuwatembelea watu nyumbani, mahubiri ya kila Jumapili na Sakramenti ndiyo kazi yenyewe, wala si maandalizi ya kazi. Msomaji Mwafrika anaitika haraka anaposoma hivi. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi kati ya Wachagga tangu mwaka 1902, alijenga usharika wake juu ya ukoo, ujirani na rika kwa sababu zinazofanana na hizi.

Wepesi huo wa kuitika ndio unaonitia shaka. Nevin anaisifu Katekisimo kana kwamba haiwezi kuharibika. Luther, aliyeiandika baada ya kuzikagua sharika za Saxony na kukuta watu waliobatizwa wasiojua lo lote, asingesema hivyo. Darasa la kipaimara linaweza kuwa benchi refu la miaka miwili: kijana anakariri, anatahiniwa mbele ya usharika, anavikwa nguo nyeupe, anapigwa picha, anapewa cheti, na wengi hatuwaoni tena mpaka siku ya arusi. Nao pia wameambiwa, bila maneno, kwamba jambo limekwisha. Mwinjilisti wa mtaa mwenye watoto themanini darasani, na mshahara usiofika kwa wakati, hana nafasi ya kumjua hata mmoja kwa jina. Kijana huyo akienda kiwanjani na mtu akamshika mkono, akamwuliza jina lake na kumwombea, tusishangae kwamba anaona hapo ndipo Mungu alipomjua kwa mara ya kwanza.

Tena tunalo benchi letu wenyewe, la kale kuliko vipaza sauti, nalo ni ile desturi ya kurudi kundini. Kwa kusudi lake ni nzuri mno: aliyetengwa anapokewa mbele ya wote, kwa maneno ya msamaha, na kurudishwa Mezani. Lakini tutazame ni nani anayepiga magoti hapo. Ni msichana aliyepata mimba. Kijana aliyempa mimba anaimba katika kwaya. Ni wenzi waliokaa pamoja bila ndoa kwa sababu mahari haikutimia. Mfanyabiashara anayewapunja wakulima kwenye mizani hajawahi kuonekana pale, naye ni mzee wa kanisa. Katika hili Finney, aliyewanyima wenye watumwa Meza ya Bwana, alikuwa na nidhamu ya Kanisa iliyo karibu zaidi na manabii kuliko yetu. Yule kaka mkubwa wa Luka 15 hakutoka kwenda nchi ya mbali. Alibaki shambani, akafuata taratibu zote, na kwa hiyo hakuna aliyemhubiri. Ila baba alitoka nje kwa ajili yake pia, akamsihi.

Kwa mchungaji ambaye wiki ijayo atapokea orodha ya majina kutoka kwenye mkutano wa injili, nafasi ya kufanya jambo ni kubwa kuliko anavyodhani. Wasiobatizwa wana darasa lao, na wasingojeshwe mwaka mzima kwa ajili ya ratiba yetu. Wale waliobatizwa, ambao huwa ndio wengi, waitwe ofisini mmoja mmoja, si kwa kundi. Asikilize walichoungama, awatamkie ondoleo kwa majina yao, kisha afungue daftari la ubatizo na kuwaonyesha mstari ulioandikwa na mchungaji ambaye huenda amekwisha kufariki: jina, tarehe, majina ya wasimamizi. Wengi hawajawahi kuuona.